Nguo ya kupulizia ikinuka dawa, sumu ingali ndani



Msimu wa viazi na nyanya ni msimu wa pompa. Mvua ikizidi, mildiu inashika majani, na kila mmoja anapulizia dawa. Jioni anarudi nyumbani, anatupa shati katika beseni moja na kikwembe cha kubebea mtoto. Mama mmoja alituuliza: « Nimefua mara mbili, nimetia hata parfe. Sababu gani nguo ya bwana wangu ingali inanuka dawa? »

Jibu ni hili. Harufu ni chembe ndogo sana za ile dawa yenyewe, zinazotoka katika kitambaa na kuingia puani. Nguo ikinuka dawa, ni kusema dawa bado iko ndani. Parfe inafunika harufu tu. Kesho jasho likilowesha shati, sumu inapita katika ngozi. Tena kuna dawa zisizonuka hata kidogo. Basi pua inaweza kutuonya, lakini haiwezi kutuhakikishia kwamba nguo imetakata.

Kwa nini harufu inakataa kutoka? Dawa nyingi za majimaji, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa tukizitia katika maji, ziko na mafuta. Mama anajua: sufuria ya mawese haitakati kwa maji baridi peke yake. Nguo pia ni hivyo. Na ikilala siku mbili tatu bila kufuliwa, dawa inazidi kushika nyuzi.

Tufanye namna hii:

1. Tufue siku ileile. Mwenye kupulizia ndiye afue, si mama mwenye mimba wala mtoto. Mikononi avae glavu, ao mifuko ya plastiki isiyotoboka.

2. Nguo ya dawa iwe na beseni yake, tuitie alama. Hapana kuchanganya na nguo za jamaa, na beseni ile isioshe mboga wala mtoto.

3. Kwanza tuisuuze kwa maji matupu, tumwage. Halafu tufue kwa maji ya moto na sabuni nyingi. Tumwage tena, turudilie kwa maji mapya na sabuni, kisha tusuuze mpaka maji yatoke safi.

4. Tusitegemee javel. Inaondoa madoa ya rangi, lakini si kazi yake kuondoa dawa za shamba.

5. Tuanike kwenye jua kali na upepo, si ndani ya nyumba wala juu ya moto. Kisha tuiweke pembeni, mbali na nguo zingine.

6. Maji machafu tuyamwage katika shimo mbali na chanzo, mto na kisima. Hapana kufulia mtoni: samaki wanakufa, na wenzetu wa chini wanakunywa maji yale.

Kama dawa ambayo haijachanganywa na maji imemwagikia nguo na kuilowesha, tusijaribu kuifua. Tuivue palepale, tuoshe mwili kwa maji na sabuni, na nguo ile isivaliwe tena. Isigeuzwe kitambaa cha kupangusia meza, wala mto wa mtoto.

Mtu akisikia kichwa kuuma, kizunguzungu, mate mengi ao kutapika baada ya kupulizia ao kufua, apelekwe santre ya afya haraka, pamoja na etiketi ya dawa.

Shauri letu kwa kila koperative: tuweke nguo za kupulizia katika depo, mbali na mazao, na beseni moja yenye alama. Gharama si kubwa. Dawa tumeinunua kwa ajili ya mildiu na wadudu wa shamba. Isitufuate mpaka mgongoni, pale mtoto anapolalia kikwembe na kukinyonya.