Mtoto Akileta Daftari na Maswali ya Historia



Katika familia nyingi zilizohama, jioni moja mtoto wa sekondari hufika mbele ya hema, au katika nyumba ya wenyeji waliowapokea, daftari mkononi. Anasema: "Papa, mwalimu ametuambia tuandike utafiti juu ya historia ya kwetu. Tulifika kule lini? Vita vilianza namna gani?" Papa mmoja hunyamaza, akatazama moto. Mwingine hujibu mara moja: "Andika kwamba watu wa kabila fulani ndio waliotuharibia." Majibu yote mawili yanatoka katika maumivu, na hatuwezi kuwalaumu wazazi. Lakini kwa jibu la kwanza mtoto ataenda kutafuta historia barabarani, na kwa jibu la pili ataandika hukumu kabla ya kusikiliza shahidi hata mmoja.

Niliwahi kufundisha historia katika shule moja la sekondari huko Kivu ya Kaskazini. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tano kazi yenye kichwa "Chanzo cha vita katika mitaa yetu". Niliona ni kichwa kizuri. Madaftari yaliporudi, karibu kila moja lilikuwa orodha ya mashitaka: majina ya watu, majina ya koo, nani alichoma nyumba ya nani. Vijana wawili waliokuwa wakikaa benchi moja wakaacha kusalimiana. Mzazi mmoja akaja kwa prefe kuuliza ni nani aliyemtuma mtoto wa jirani kuandika jina la marehemu ndugu yake. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewapa swali ambalo halina jibu ila kidole cha kunyooshea mtu.

Tangu hapo nimejifunza kwamba nusu ya kazi ya utafiti iko katika swali lenyewe. Na hapo mzazi au kiongozi wa kambi, hata kama hakufika mbali katika masomo, anaweza kumsaidia kijana sana.

Swali baya na swali zuri

Tuchukue mfano wa Masisi, kwa sababu unagusa familia nyingi. Kijana anataka kuandika: "Nani alikuja wa kwanza Masisi?" Swali hilo linaonekana kuwa la historia, lakini kwetu limekuwa swali la kufukuzana. Tumsaidie aligeuze hivi: "Ni maamuzi gani ya serikali yaliyobadilisha mambo ya ardhi na uraia katika Masisi, tangu 1937 hadi leo?" Sasa ana kitu cha kutafuta, na karatasi zipo.

Atakuta kwamba katika 1937 utawala wa Kibelgiji ulianzisha mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda kuwaleta Kivu. Rwanda wakati ule ilikuwa chini ya Wabelgiji hao hao. Sababu zilikuwa mbili: njaa na wingi wa watu kule Rwanda, na haja ya wafanyakazi katika mashamba makubwa ya wazungu huku. Mpango huo uliendelea, pamoja na kusimama kwa miaka kadhaa, hadi 1955. Vitabu vingi vinataja watu karibu 85,000. Wabelgiji waliunda hata usultani mpya, Gishari, ndani ya nchi ya Wahunde, kisha wakaufuta katika 1957. Atakuta pia kwamba watu wenye kusema Kinyarwanda walikuwa wanaishi Bwisha, katika Rutshuru, kabla wazungu hawajachora mipaka. Kwa hiyo neno moja, "Wanyarwanda", linachanganya watu wenye historia mbalimbali.

Kisha aendelee mbele. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakikaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali, na wenye uwezo na marafiki Kinshasa wakapata karatasi za mashamba makubwa ambamo wakulima wadogo walikuwa wanalima kwa desturi. Sheria ya Juni 1981 ikaondoa ile ya 1972 na kurudisha hesabu nyuma kabisa hadi 1885. Sheria ya Novemba 2004 ikabadilisha tena, ikachukua siku ya uhuru, 30 Juni 1960, kuwa kipimo.

Hebu mzazi asome mistari hiyo pamoja na mtoto, polepole. Katika muda wa miaka 32 mtu mmoja, bila kuhama nyumba yake, aliweza kupewa uraia, kunyang'anywa, na kupewa njia ya kuupata tena. Na jirani yake Mhunde au Mnyanga, naye bila kuhama, aliweza kuamka na kukuta shamba la babu yake lina karatasi ya mtu asiyemjua. Kila mmoja ana kilio cha kweli. Kijana akiliona hilo kwa tarehe na sheria, ataandika namna nyingine kabisa.

Kwa kijana anayeanza, mimi ningependa kichwa kilicho chepesi zaidi. Soko la kijijini lilianzishwaje? Shule letu lilijengwa na nani? Nyiragongo ilipolipuka katika 1977, 2002 na 2021, watu walikimbilia wapi, na nani aliwapokea? Hilo la mwisho linafaa sana, maana mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma, na maelfu na maelfu wakavuka mpaka hadi Gisenyi. Mtoto atajifunza kuuliza na kulinganisha bila kugusa kidonda kabla ya wakati.

Wazee kama mashahidi

Sisi tuliohama tunafikiri hatuna maktaba. Kweli, ofisi nyingi za usultani zilichomwa, na madaftari ya ubatizo ya parokia kadhaa yamepotea. Lakini angalia ndani ya ule mfuko wa plastiki ambao mama alikimbia nao. Kuna kadi ya mchaguzi, labda ya 2006 au 2011. Kuna risiti ya ushuru, cheti cha shule, karatasi ya kiwanja, picha ya arusi. Hivyo vyote ni mashahidi kwa mwanahistoria. Karatasi yenye kichwa "Congo Belge" ni ya kabla ya uhuru. Yenye "République du Zaïre" iliandikwa kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Mtoto ainakili katika daftari, kisha mama airudishe mfukoni. Karatasi yenyewe isiende shuleni.

Na mzee asiyejua miaka? Asiambiwe kwamba hajui. Aulizwe kwa njia nyingine: "Koko, mlipolipia lile shamba, mlilipa kwa pesa gani?" Kama ni zaire, ilikuwa baada ya 1967. Kama ni zile zaire mpya ambazo watu wengi walizikataa, ni baada ya Oktoba 1993. Kama ni franka kongolezi za leo, ni tangu 1998. "Mtoto wako wa kwanza alikuwa ametembea wakati wa uasi wa Mulele?" Hapo ni 1964. Nimewaona wazee waliosema "sikumbuki kitu" wakipanga miaka 40 bila kosa kubwa baada ya kuulizwa juu ya pesa, volkano na mazao.

Kijana agawe ukurasa wake sehemu tatu: yale ambayo msemaji aliyaona kwa macho, yale aliyoambiwa, na yale yaliyoandikwa mahali. Papa akisema "waliua ng'ombe wetu", mtoto aulize kwa heshima: "Ulikuwapo, papa, ama ulisikia?" Swali hili ni gumu kuliuliza mbele ya mkubwa, nalo lisiulizwe kwa sauti ya polisi. Ndiyo maana mwalimu au mkubwa wa kambi afike mapema kuwaeleza wazee kwamba mtoto hawapimi. Yeye anataka tu kujua maneno ayaweke wapi.

Tena asisikilize wazee wa upande mmoja tu. Kama kambi ina watu wa makabila mawili au matatu, aende kwa mzee wa kila moja akiwa na mwanafunzi mwenzake wa kabila lile. Wakipata habari mbili zisizolingana, wasizichanganye kuwa moja. Waandike zote mbili.

Habari za leo zinapoingia

Mwalimu wengi huogopa habari za siku hizi, wakasema historia iishie 1960. Nadhani wanakosea, maana watoto wanasikiliza redio kila jioni, iwe Radio Okapi iliyoanza 2002 ama nyingine, na simu zinawaletea mambo ambayo hakuna anayejua yametoka wapi. Afadhali wajifunze kuzipima pamoja nasi.

Njia nzuri ni kuanza na neno moja la habari na kurudi nyuma. Kila mtu amesikia "M23". Wanafunzi wangapi wanajua kwamba ni tarehe? Ni 23 Machi 2009, siku serikali ya Kongo na CNDP walipotia sahihi mapatano huko Goma. Katika 2012 waasi walisema mapatano hayo hayakuheshimiwa, wakachukua jina hilo. Mwezi wa Novemba mwaka ule wakaingia Goma. Mwaka 2013 wakashindwa, na karatasi nyingine zikatiwa sahihi Nairobi mwezi wa Desemba. Mwisho wa 2021 vita vikarudi, na katika Januari 2025 wakaingia Goma tena.

Kutoka hapo kijana anaweza kutengeneza meza ya mapatano: Lusaka 1999, Pretoria Desemba 2002, Goma Januari 2008, Goma Machi 2009, Addis Ababa Februari 2013, Nairobi Desemba 2013, Washington 27 Juni 2025, Doha 19 Julai 2025. Kwa kila moja aulize maswali manne. Nani alitia sahihi? Nani aliyepigana lakini hakuwapo? Karatasi inasema nini juu ya wahamishwa kurudi na juu ya mashamba yao? Na mwaka mmoja baadaye, nini kilikuwa kimefanyika? Ataona kwa mfano kwamba Washington katika Juni walitia sahihi mawaziri wa Kongo na Rwanda, na M23 haikuwa mezani. Doha ndiko serikali na AFC/M23 waliweka sahihi zao juu ya kanuni za kuanzia. Mtu asiyetofautisha hizo mbili hawezi kuelewa redio.

Swali la tatu ndilo linalotuhusu sisi, na mara nyingi ndilo lenye majibu mafupi kuliko yote.

Ujumbe wa simu nao upimwe. Nani wa kwanza kuutuma? Picha ni ya lini, na miti iliyomo ni ya huku kwetu? Kuna redio mbili zilizotangaza jambo hilo? Kama hakuna, mwanafunzi aandike "watu wanasema", ama aliache nje kabisa.

Yasiyoandikwa

Viongozi, hapa tunawaomba mkaze macho. Daftari la mtoto linaweza kusomwa kwenye kizuizi na mtu mwenye bunduki. Kwa hiyo jina la msemaji lisiandikwe. Atosheke na "mama, miaka 60 hivi, mkulima". Jina la anayeshitakiwa pia lisiandikwe. Mtoto asiulize askari wako wapi, wangapi, wana silaha gani. Hiyo si historia, na inaweza kumletea kifo. Daftari lisivuke mstari wa mapigano. Na mama ambaye yaliyompata hayasemeki asilazimishwe kueleza kwa ajili ya pointi za shule. Mwalimu anayetaka masimulizi ya ubakaji kutoka kwa mwanafunzi amepotea njia, na mkubwa wa kambi ana haki ya kumwambia hivyo.

Mtoto naye ana mambo aliyoyaona. Wengine huanza kuandika juu ya soko na kufika ukurasa wa tatu wanaandika usiku walioukimbia. Asikemewe. Aulizwe kama anataka sehemu hiyo isomwe na wengine, ama ibaki kwake.

Kazi ikiisha, isomwe. Jumamosi moja, chini ya mti ama katika chumba cha shule, kila mwanafunzi apewe dakika 10 mbele ya wazazi na wazee waliomsaidia. Mzee akisikia kosa, asahihishe palepale, na mwanafunzi aandike sahihisho pembeni pamoja na neno la kwanza, bila kulifuta. Nilipobadilisha kazi yangu ile mbaya na kufanya hivi mwaka uliofuata, ubishi ulikuwapo, tena mkubwa, juu ya mwaka daraja lilipojengwa. Wazee wa makabila mawili walibishana hadi giza, kisha wakakubaliana kumwuliza mwashi aliyelijenga, ambaye alikuwa bado hai.

Tena zitengenezwe nakala mbili. Moja ibaki kwa mwalimu, nyingine kwa kamati ya kambi au parokia, katika plastiki iliyofungwa vizuri. Kambi kubwa za kando ya Goma zilipovunjwa katika Februari 2025, watu walipewa muda mfupi sana wa kukusanya vitu, na daftari si kitu cha kwanza ambacho mama hushika.