Makovu ya mapafu na hesabu ya sikaneri

Katika vijiji vya Kpandroma, na hata Bunia mjini, mutu akikohoa miezi mingi na kukosa pumuzi akipanda kilima, wenzake wanasema: «Ni kifua kikuu.» Wengine wanasema amelogwa. Mara nyingi ni kifua kikuu kweli. Lakini pengine mapafu yamejaa makovu. Kovu la mapafu ni kama kovu la ngozi: nyama ngumu isiyovutika, na mapafu yasiyovutika hayapokei hewa ya kutosha.

Makovu yanatoka wapi? Kifua kikuu kilichopona kinayaacha. Vumbi ya mawe vilevile. Huku Ituri migodi ya zahabu ya Kilo ilianza mwaka wa 1905, na hata leo upande wa Mongbwalu watu wanatwanga mawe bila kufunika pua. Vumbi ya silisi inaingia mpaka ndani kabisa na haitoki tena. Zaidi ya hayo, mwenye vumbi hiyo anashikwa na kifua kikuu upesi kupita wengine. Ndiyo sababu makohozi yapimwe kwanza, siku zote.

Radio ya kifua inaonyesha kivuli tu; vitu vya mbele na vya nyuma vimelazwa pamoja. Sikaneri ni namna nyingine. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliitengeneza, na mugonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka wa 1971. Inatoa picha ya mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa, na kila punje ya picha ina namba. Maji ni 0, hewa ni −1000. Mapafu mazima yaliyojaa pumuzi ni karibu −850, maana hewa ndani yake inapita nyama. Pahali pa kovu namba inapanda: watafiti wengine wanahesabu punje zilizo kati ya −600 na −250. Ordinateri inajumlisha na kusema sehemu ngapi katika mia ya mapafu imekuwa nzito.

Faida iko katika kulinganisha. Kwa jicho tu, muganga mumoja atasema makovu ni machache, mwenzake atasema ni mengi. Namba ya mwaka huu inawekwa kando ya namba ya mwaka uliopita, na ugonjwa unaoendelea unajulikana. Kwa makovu ya namna fulani kuna dawa, pirfenidoni na nintedanibu. Hazifuti kovu, zinapunguza mwendo wake.

Lakini musidhani namba haikosi. Mugonjwa asipovuta pumuzi yote, mapafu yanaonekana mazito. Maji yanayoletwa na moyo zaifu yanafanya vilevile. Jicho la muganga lingali na kazi: kutafuta vishimo vilivyopangwa kama sega la asali, ambavyo ni alama ya kovu la kweli.

Wako wagonjwa wanaorudishiwa dawa za kifua kikuu miezi 6 mizima kwa ajili ya kivuli kilichoonekana kwenye radio, makohozi hayakupimwa. Mukatekista anayemutuma mugonjwa hospitali amuulize kazi alizofanya zamani, na amwambie abebe picha zake zote za kwanza, hata zilizokunjika. Kivuli kisichobadilika miaka mingi mara nyingi ni kovu tu.