Hodi ya Taifa Huitikiwa na Nani?

Muhula uliopita katika mdahalo wa Chama chetu cha Kiswahili nilisimama kupinga hoja kwamba Rais hafai kuachiwa peke yake mamlaka ya kutambua serikali za nje. Nilijigamba kweli kweli. Rais ni Rais, nikasema, akisema amesema! Basi msichana mmoja wa kidato cha tatu akainuka akaniuliza swali moja tu: "Na akisema mchana, jioni afute, tushike lipi?" Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikaketi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipekua Katiba maktabani.

Kwanza tuelewane kutambua ni nini. Nchi mpya ni kama mtu anayepiga hodi mlangoni. Huenda ana bendera, wimbo wa taifa na hata jeshi, lakini kama ndani hakuna anayemjibu "karibu", atabaki uani. Hawezi kufungua ubalozi wala kutiliana mikataba na wenyeji. Swali ni hili: katika nyumba yenye watu wengi, ni nani wa kujibu?

Yule msichana alikuwa na kisa halisi akilini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kiarabu ya Sahrawi ilitangazwa Februari 1976, Wahispania walipokuwa wakiondoka Sahara Magharibi. Moroko inadai nchi hiyo ni yake, na Wasahrawi wengi wameishi miaka hii yote katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Kenya iliitambua jamhuri yao mwaka wa 2005, na mwaka wa 2014 wakafungua ubalozi Nairobi. Rais wao, Brahim Ghali, alihudhuria kuapishwa kwa Rais William Ruto tarehe 13 Septemba 2022 pale Kasarani.

Kesho yake, jamani, mgeni alikuwa mwingine. Waziri wa Mambo ya Nje wa Moroko alifika Ikulu na salamu za mfalme wake, na muda si muda ujumbe ukatokea katika ukurasa wa Rais wa Twitter: Kenya imeacha kuitambua jamhuri ya Wasahrawi. Baada ya saa chache ujumbe ukafutwa. Tarehe 16, Katibu katika Wizara ya Mambo ya Nje akawaandikia mabalozi kuwa msimamo wa Kenya haujabadilika, tena kwamba Kenya haiendeshi mambo yake ya nje katika Twitter. Hebu fikiria wewe ni Msahrawi huko kambini, unasikia leo huna nchi, keshokutwa unayo.

Sasa Katiba ya 2010 yasemaje? Nimeisoma sura nzima ya Rais na sikuona neno juu ya kutambua nchi. Kifungu cha 131 kinamfanya Rais kiongozi wa taifa, na kwa desturi kazi hii humwangukia yeye. Kifungu cha 132 chasema mabalozi huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa. Kwa hiyo wabunge humhoji balozi anayetumwa nchi fulani, lakini hawaulizwi kama nchi hiyo itambuliwe au la! Kwangu mimi hilo ni pengo. Ila nilipofika kifungu cha 135 nilitamani mdahalo urudiwe: uamuzi wa Rais anapotekeleza kazi zake za kikatiba sharti uwe katika maandishi, wenye sahihi na muhuri wake. Ujumbe wa simu una muhuri gani?

Wenzetu wa Marekani waliwahi kushtakiana juu ya jambo hili. Bunge lao lilitunga sheria ili mtoto aliyezaliwa Jerusalem aandikiwe Israel katika pasipoti yake. Mwaka wa 2015 Mahakama ya Juu ikaitupa: kutambua ni kazi ya Rais peke yake. Majirani zetu nao wanakumbuka Aprili 1968, Mwalimu Nyerere alipoitambua Biafra iliyokuwa imejitenga na Nigeria. Nigeria ikavunja uhusiano na Tanzania, na Biafra yenyewe ikazimika Januari 1970. Usinielewe vibaya, Mwalimu alitoa sababu zake waziwazi na dunia ikazisoma. Kukubaliana naye ni shauri lingine.

Machi 2025 Rais Ruto aliitambua Kosovo, safari hii kwa tamko lililoandikwa. Miezi miwili baadaye Kenya ilifungua ubalozi Rabat na kuunga mkono mpango wa Moroko wa kuipa Sahara Magharibi utawala wa ndani chini yake. Kwa hiyo yaliyofutwa mwaka wa 2022 yamerudi kwa mlango mwingine, polepole, na sikuona Bunge likiulizwa.

Mdahalo ukirudiwa, nitahamia upande wa yule msichana, kama atanikubali.