Dawa Inayosakwa kwa Hesabu

Mwaka juzi nilimuuguza mpwa wangu kwa jeraha la mguu lililokataa kupona. Alimeza vidonge, akadungwa sindano, akabadilishiwa dawa mara tatu. Usaha ukawa ule ule. Daktari akanivuta kando, akaniambia: "Mzee, vijidudu hivi vimeizoea dawa." Mpwa wangu aliinuka, alhamdulillahi, lakini kidole kimoja cha mguu hakikurudi naye nyumbani.

Si yeye peke yake. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 ulimwenguni walikufa kwa vijidudu vilivyoshinda dawa. Nikajiuliza, dawa mpya zitatoka wapi? Chuoni maalimu wetu akitwambia kwamba hakuna maradhi yaliyoshushwa pasi na dawa yake. Kazi ya mja ni kuitafuta. Lakini ataitafuta wapi, na molekuli hazina idadi?

Zamani wanakemia walizijaribu moja moja katika vichupa. Siku hizi huanza kwa hesabu. Iko njia ya kulipima umbo la protini ya kijidudu kama fundi apimavyo kufuli, kisha kompyuta ikatafuta ufunguo unaoingia. Na iko njia ya kuifunza kwa mifano. Hii, msomaji mpenzi, sisi watunzi twaifahamu: mwanafunzi husikilizishwa beti nyingi, zilizo sawa na zenye guni, mpaka sikio lake likajua lenyewe.

Ndivyo walivyofanya Regina Barzilay na James Collins na wenzao huko MIT, Marekani. Waliifunza kompyuta kwa molekuli 2,335 zilizokwisha kupimwa, ipi yazuia kijidudu cha E. coli kukua na ipi haizuii. Kisha wakaipa nyingine zipatazo 6,000 izichambue. Ikachagua moja iliyowahi kuchunguzwa kwa ugonjwa wa sukari. Habari ilitangazwa mwaka 2020, na molekuli ikaitwa halisini, kwa jina la HAL, kompyuta ya filamu ya mwaka 1968.

Kilichonigusa ni panya wa maabara. Walikuwa na majeraha yenye kijidudu sugu kiitwacho Acinetobacter baumannii. Walipopakwa marhamu ya halisini, kijidudu kilitoweka kwa muda wa saa 24. Nikaukumbuka mguu wa mpwa wangu.

Hata hivyo tusiifanye kompyuta kuwa mganga. Kati ya molekuli 99 ilizozipendekeza zaidi, 51 tu ndizo zilizofanya kazi zilipojaribiwa. Ilikisia; aliyethibitisha ni binadamu na vichupa vyake. Na panya si mtu. Mpaka leo halisini haijawa dawa ya kuuzwa dukani. Majaribio kwa watu huchukua miaka na mali nyingi, na dawa inayomezwa siku saba kisha ikaachwa haiwapi wenye viwanda faida kama ile inayomezwa umri mzima.

Nilipomhadithia mpwa wangu, aliuliza: "Mjomba, hiyo marhamu itafika lini kwetu?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tuzihifadhi hizi tulizo nazo: tusinunue vidonge dukani kwa kukisia, wala tusiache dozi nusu kwa kuwa homa imeshuka. Kila tufanyapo hivyo twavifunza vijidudu njia ya kutushinda, navyo ni wanafunzi hodari.