Betri Isilale na Njaa Ziwa Linapofungwa

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Katika Mununga na katika kambi za wavuvi zilizotapakaa ufukoni kuelekea Nchelenge, nyavu hukunjwa, mitumbwi hupandishwa nchi kavu, nazo taa za kuvulia chisense, wale samaki wadogo mithili ya dagaa wanaovutwa na mwanga usiku, huingizwa nyumbani. Pamoja na taa huingia betri. Husukumwa chini ya kitanda, ikafunikwa gunia na kusahauliwa. Mwezi wa Machi ukifika, mwenyewe huitoa akaifunga kwenye taa. Taa huwaka kwa dakika chache, ikafifia, ikazimika.

Hapo lawama huanza. Huyu husema aliuziwa kitu hafifu, yule husema betri imechoshwa na kazi. Mara nyingi ukweli ni mwingine: betri ile haikufa ziwani, ilifia chini ya kitanda. Na kwa mvuvi ambaye hajaingiza fedha kwa miezi mitatu, kununua betri nyingine mwanzoni mwa msimu ni pigo linalogusa unga, sabuni na karo za watoto.

Ndugu msomaji, hapana budi tutazame ndani ya sanduku lile. Mna sahani za risasi zilizozama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyebuni betri ya namna hii mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika hata leo. Betri inapotoa umeme, salfa iliyomo katika asidi hushikamana na sahani na kufanya ukoko mweupe. Ikichajiwa mapema, ukoko huo huyeyuka na kurudi kuwa asidi. Ikiachwa majuma mengi bila chaji, ukoko hugeuka chembe ngumu, na chaji inayoingizwa baadaye haiwezi tena kuuondoa wote. Sehemu ya sahani iliyofunikwa hivyo imekwisha kazi.

Isitoshe, betri hupoteza umeme hata ikiwa haikufungwa kwenye chombo chochote. Iliyo mpya, katika joto la nyuzi 25, hupoteza kiasi cha asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi. Kuukuu hupoteza zaidi. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, upotevu huo hukaribia kuongezeka maradufu. Huko Ulaya wenye magari makubwa ya kulala safarini huyaegesha majira yote ya baridi, nao hulia kilio hiki hiki. Ila wao baridi huwasaidia, kwani hupunguza kasi ya upotevu. Sisi hatuna msaidizi huyo. Chumba chenye kivuli na hewa ni bora kuliko kibanda cha bati kilichofungwa.

Sasa tupige hesabu. Betri nzuri iliyojazwa kabisa mwanzoni mwa Desemba, ikipoteza asilimia 5 kila mwezi, hufika Machi ikiwa bado na asilimia 85 hivi. Hiyo ni salama. Lakini ile iliyorudi ziwani usiku wa mwisho wa Novemba ikiwa na nusu tu, ikawekwa vivyo hivyo, hukaa siku 90 katika hali ile ile inayogandisha ukoko. Tofauti ya betri hizi mbili ni siku moja ya kuchaji. Askari anajua kwamba bunduki husafishwa ndipo iwekwe, haiwekwi chafu ikasubiri siku ya kutumika. Na betri vivyo hivyo hujazwa ndipo iwekwe.

Baada ya kuijaza, iache itulie saa kadhaa, kisha ipime kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 au zaidi. Ikionyesha 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Ipime kila baada ya majuma mawili, na ikifika 12.4 irudishwe kwenye chaji bila kungoja. Asiye na mita aipeleke kwa mwenye kuchaji mara moja kila mwezi. Gharama ya safari hizo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya betri mpya.

Mwenye paneli ya jua ana nafuu zaidi. Mvua za miezi hiyo huleta mawingu, lakini kuitunza betri iliyokwisha kujaa hakuhitaji nguvu nyingi: hata paneli ndogo ya wati 10 hutosha kwa betri nzima ya wastani, mradi ifungwe kupitia kidhibiti chaji, ili isizidishe wala kuruhusu umeme urudi kwenye paneli usiku.

Shida ni kwamba betri ikishaingia nyumbani haipumziki. Redio, simu za majirani na televisheni ya watoto vyote huitazama. Sioni ubaya akina mama wakiitumia, mradi kinachotolewa jioni kirudishwe kesho yake, na isishuke chini ya nusu. Jua lisipotoka siku mbili, televisheni ingoje.

Kwa betri yenye vifuniko, hakikisha sahani zimefunikwa na maji. Ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke tu, baada ya kuchaji. Maji ya kisima au ya mvua kutoka paa la bati hayafai, wala usiongeze asidi. Vichwa vyake visafishwe kwa maji yenye magadi, vikaushwe na kupakwa grisi. Iwekwe mbali na jiko na watoto, kwa maana inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Ile hofu ya kuiweka juu ya sakafu ya saruji ni ya zamani, enzi za masanduku ya mbao na mpira. Masanduku ya plastiki ya leo hayadhuriki.

Askari anayekwenda kozi ya miezi mitatu na kuacha gari nyumbani afanye hayo hayo, kisha afungue waya wa upande wa hasi, kwani saa na kengele ya wezi hunyonya umeme mchana na usiku.

Taa nyingi mpya zina betri za lithiamu, na hizo kanuni yake ni kinyume: huwekwa zikiwa na nusu ya chaji, mahali pa baridi.

Betri ya risasi iliyokwisha kufa isivunjwe uani ili kuyeyusha risasi ya kutengeneza chubwi za nyavu. Mgodi wa risasi wa Kabwe, huku huku Zambia, ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake limeendelea kuingia katika damu ya watoto wa mji ule miaka mingi baadaye. Iuzwe nzima, na asidi yake ikiwa ndani, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.