Vipimo vya kingamwili katika utambuzi wa magonjwa ya tezi dundumio

Vipimo vya kingamwili za tezi dundumio ni vipimo vya damu vinavyotafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya tezi dundumio yake wenyewe. Humsaidia daktari kujua chanzo cha tatizo la tezi hiyo, hasa kutofautisha ugonjwa wa Hashimoto, ugonjwa wa Graves na hali nyingine zenye dalili zinazofanana.

Vipimo hivi havionyeshi kama tezi inatoa homoni nyingi au kidogo. Hilo hujulikana kwa kupima homoni zenyewe. Kwa sababu hiyo, majibu ya kingamwili husomwa pamoja na majibu ya homoni, dalili za mgonjwa na uchunguzi wa shingo yake.

Tezi dundumio na homoni zake

Tezi dundumio iko mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto, na ina umbo linalofanana na kipepeo. Hutumia madini ya iodini kutengeneza homoni mbili: thairoksini (T4) na triiodothaironini (T3). Homoni hizi huongoza kasi ya mwili kutumia nishati, mapigo ya moyo, joto la mwili, na ukuaji wa ubongo wa mtoto.

Kazi ya dundumio huongozwa na tezi pituitari iliyo chini ya ubongo, kwa njia ya homoni iitwayo TSH. Thairoksini ikipungua katika damu, pituitari hutoa TSH zaidi ili kuichochea dundumio. Thairoksini ikizidi, TSH hushuka. Ndiyo maana TSH huwa kipimo cha kwanza mgonjwa anapohisiwa kuwa na tatizo la dundumio.

Mtu mwenye upungufu wa homoni huchoka, huhisi baridi, hunenepa, hupata choo kigumu na ngozi kavu. Mwenye homoni zilizozidi hukonda ingawa anakula vizuri, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka na hutokwa na jasho jingi.

Kingamwili dhidi ya mwili wenyewe

Kwa kawaida kingamwili ni protini zinazotambua vitu vigeni kama vile virusi na bakteria. Wakati mwingine mfumo wa kinga hukosea na kuzielekeza kwenye sehemu za mwili wenyewe. Tezi dundumio ni mojawapo ya viungo vinavyoathiriwa zaidi na kosa hilo. Wanawake hupatwa mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na magonjwa haya huonekana katika baadhi ya familia kuliko nyingine.

Historia

Mwaka 1912 daktari Mjapani Hakaru Hashimoto alieleza habari za wanawake wanne waliokuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni. Alipochunguza tezi zao kwa hadubini alizikuta zimejaa limfosaiti, ambazo ni aina ya seli nyeupe za damu. Sababu haikujulikana wakati huo.

Mwaka 1956 majibu yalianza kupatikana karibu kwa pamoja katika nchi tatu. Huko London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina kingamwili zinazoshikamana na protini ya dundumio. Huko Buffalo, Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwamba sungura waliodungwa dondoo ya tezi hiyo walitengeneza kingamwili dhidi yake, na tezi zao wenyewe zikapata uvimbe wa ndani. Huko New Zealand, Duncan Adams na Herbert Purves waligundua kwamba damu ya wagonjwa wa Graves ina kitu kinachochochea dundumio kwa muda mrefu kuliko TSH. Baadaye ilibainika kwamba kitu hicho ni kingamwili.

Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba mwili hauwezi kujishambulia. Kwa hiyo ugonjwa wa dundumio ukawa kati ya mifano ya kwanza ya magonjwa yanayotokana na kinga ya mwili kugeukia mwili wenyewe.

Aina za kingamwili zinazopimwa

Kingamwili ya TPO. Hii hulenga peroksidezi ya dundumio, kimeng'enya kinachosaidia kuunganisha iodini na protini wakati wa kutengeneza homoni. Hupatikana kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa Hashimoto, na pia kwa wengi wenye ugonjwa wa Graves. Ndiyo inayopimwa zaidi katika kutafuta chanzo cha upungufu wa homoni.

Kingamwili ya thairoglobulini. Thairoglobulini ni protini kubwa ambamo homoni hutengenezwa na kuhifadhiwa ndani ya tezi. Kingamwili yake huonekana kwa wagonjwa wengi wa Hashimoto, lakini mara chache huongeza jambo jipya pale ambapo kingamwili ya TPO imekwisha kupatikana.

Kingamwili ya kipokezi cha TSH. Hii hujulikana maabara kwa kifupi TRAb. Hushika mahali ambapo TSH ingeshika juu ya seli za dundumio. Mara nyingi huichochea tezi bila kikomo, na huo ndio ugonjwa wa Graves. Wakati mwingine huziba kipokezi na kuizuia TSH isifanye kazi, na hapo mgonjwa hupata upungufu wa homoni. Kuna tofauti muhimu hapa: kingamwili ya TPO kwa kiasi kikubwa ni alama ya tezi inayoshambuliwa, lakini TRAb ni chanzo chenyewe cha ugonjwa.

Jinsi kipimo kinavyofanyika

Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa mkono. Mgonjwa halazimiki kufunga kula. Maabara za zamani zilichanganya damu na seli zilizopakwa protini ya dundumio na kutazama kama zitagandamana. Siku hizi hutumika mashine zinazopima mwanga au rangi inayotokea kingamwili inaposhikana na protini iliyowekwa ndani ya kifaa.

Kila aina ya mashine ina kiwango chake cha mpaka. Majibu ya maabara mbili hayalinganishwi kwa tarakimu tu, bali kila jibu husomwa kwa mpaka ulioandikwa kando yake.

Matumizi

Upungufu wa homoni. TSH ikiwa juu na thairoksini chini, ugonjwa umekwisha kuthibitika na matibabu ni vidonge vya levothairoksini, kingamwili ziwepo au zisiwepo. Kipimo cha TPO kina faida zaidi pale TSH imepanda kidogo huku thairoksini ikiwa bado ya kawaida. Wakazi wa Whickham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, walipimwa katika miaka ya 1970 na kufuatiliwa baada ya miaka 20. Wanawake waliokuwa na TSH ya juu pamoja na kingamwili walipata upungufu kamili kwa kiasi cha asilimia 4.3 kila mwaka. Waliokuwa na kingamwili peke yake walikuwa asilimia 2.1 kila mwaka. Kwa hiyo mtu mwenye kingamwili hushauriwa kupima TSH mara kwa mara, hata kama hahitaji dawa kwa sasa.

Homoni zilizozidi. Hapa TRAb inaweza kubadilisha matibabu. Katika ugonjwa wa Graves tezi inatengeneza homoni kupita kiasi, na dawa kama kabimazoli huzuia utengenezaji huo. Lakini kuna aina za uvimbe wa ndani wa tezi ambapo seli zimeharibika na homoni iliyohifadhiwa inavuja tu. Kabimazoli haisaidii chochote hapo, na tatizo mara nyingi huisha lenyewe baada ya wiki au miezi. Dalili za hali hizi mbili zinaweza kufanana kabisa. TRAb ikipatikana, Graves ndiyo inayoelekea kuwa chanzo. Njia nyingine ya kutofautisha ni picha ya tezi kwa kutumia dawa yenye mnururisho, lakini njia hiyo haitumiwi kwa mwanamke mjamzito.

Kwa mgonjwa wa Graves aliyetumia dawa kwa miezi 12 hadi 18, TRAb hupimwa tena kabla ya kuziacha. Ikiwa bado iko juu, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa.

Ujauzito na uzazi. TRAb hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, ambako inaweza kuichochea tezi yake kabla na baada ya kuzaliwa. Hatari hii ipo hata kwa mama aliyekwisha kuondolewa tezi kwa upasuaji au kutibiwa kwa iodini ya mnururisho, maana kingamwili zinaweza kubaki ingawa tezi haipo. Mama wa namna hiyo anaweza kuonekana mzima kabisa, akitumia levothairoksini tu, na mkunga asijue kwamba aliwahi kuugua Graves. Kwa hiyo ni muhimu aeleze historia hiyo mwanzoni mwa kliniki. Miongozo ya kitabibu inashauri TRAb ipimwe mapema katika ujauzito na, ikiwa iko juu, irudiwe kati ya wiki ya 18 na 22, kisha kati ya wiki ya 30 na 34. Mtoto aliyeathirika huwa na mapigo ya moyo ya kasi na haongezeki uzito vizuri. Hutibiwa mpaka kingamwili za mama ziishe katika damu yake, jambo linalochukua miezi michache.

Kingamwili ya TPO nayo huonyesha uwezekano wa tezi kuvimba ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Uchovu na huzuni vinavyotokana na hali hiyo huchukuliwa kwa urahisi kuwa ni uchovu wa kulea tu, kumbe kipimo cha TSH kingeonyesha sababu.

Wanawake wenye kingamwili ya TPO hupoteza mimba mara nyingi zaidi kuliko wengine. Hata hivyo, utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2019 uliwapa levothairoksini wanawake wenye kingamwili hiyo na homoni za kawaida ambao waliwahi kupoteza mimba au kupata ugumba. Dawa hiyo haikuongeza idadi ya watoto waliozaliwa hai.

Saratani ya tezi. Baada ya tezi yenye saratani kuondolewa, thairoglobulini hupimwa ili kuona kama kuna mabaki ya ugonjwa. Kingamwili ya thairoglobulini huvuruga kipimo hicho na inaweza kukifanya kionyeshe chini kuliko hali halisi, hivyo viwili hivyo hupimwa pamoja.

Mipaka ya vipimo

Kuwa na kingamwili si sawa na kuwa mgonjwa. Katika uchunguzi mkubwa wa kitaifa nchini Marekani, takribani mtu 1 kati ya 9 asiye na ugonjwa wa dundumio alikuwa na kingamwili ya TPO. Wengi wao hawatapata ugonjwa huo. Vilevile wachache wenye Hashimoto hawana kingamwili zinazoonekana katika kipimo.

Wingi wa kingamwili ya TPO hauonyeshi ukali wa dalili. Kipimo hicho kikishatoa jibu, kwa kawaida hakuna haja ya kukirudia, maana kipimo cha levothairoksini hupangwa kwa kufuata TSH. Kurudia mara kwa mara humwongezea mgonjwa gharama na wasiwasi bila kubadilisha matibabu.

Biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, inaweza kupotosha majibu. Katika baadhi ya mashine, biotini nyingi hushusha TSH na kupandisha thairoksini na TRAb kwa uongo, hata mtu mzima akaonekana ana Graves. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vipimo vya aina hii mwaka 2017. Anayetumia biotini anapaswa kumwambia daktari, na kwa kawaida huelekezwa kuiacha angalau siku 2 kabla ya kupima.

Rovu lisilotokana na kingamwili

Si kila rovu linatokana na kinga ya mwili. Katika sehemu nyingi za bara la Afrika zilizo mbali na bahari, kama vile nyanda za juu kusini mwa Tanzania, rovu lilienea kwa sababu udongo na chakula vilikosa iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, nchini Kongo, watafiti walionyesha pia kwamba mihogo isiyoandaliwa vizuri huongeza tatizo, kwa kuwa huacha mwilini kemikali inayozuia tezi kupata iodini. Dawa ya rovu la namna hii katika jamii ni chumvi yenye iodini, ambayo Tanzania huitwa chumvi yenye madini joto.

Iodini inapoongezwa katika jamii iliyoikosa, kingamwili za dundumio zinaweza kuongezeka kidogo, kama ilivyoonekana Denmark. Hata hivyo, faida ya chumvi hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu ukosefu wa iodini wakati wa ujauzito unaweza kudumaza akili ya mtoto kwa maisha yake yote.