Lubumbashi: Gari limezeeka? Tafuta ugonjwa kwanza, piesi baadaye

Kwa wakaaji wengi wa Lubumbashi, gari la zamani si pambo. Linapeleka watoto shuleni, linabeba mifuko ya makala na unga, na kwa wengine ndilo linalolisha nyumba kama teksi. Siku linaposimama, feza zinasimama pia. Ndiyo maana katika parseli za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi wenye magari wengi wanajitengenezea wenyewe kile wanachoweza. Lakini kuna kujitengenezea kunakookoa feza, na kuna kunakozimaliza. Tofauti kubwa iko katika jambo moja: kujua ugonjwa wa gari kabla ya kununua piesi.

Magari yanafika yakiwa yamechoka

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotoka Oktoba 2020, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani. Karibu manane kati ya kumi yalikwenda katika nchi za kipato kidogo na cha kati, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi.

Mengi yanayoonekana Lubumbashi ni Toyota za Japani: IST, Vitz, Corolla, Noah. Yanashushwa katika bandari kama Dar es Salaam au Durban, yanavuka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, kilometa 90 hivi kutoka mjini. Usukani wake uko kulia, hata kama Kongo watu wanatembeza gari upande wa kulia wa barabara. Yanapofika, yamekwisha kula kilometa nyingi, na hapa yanakutana na mashimo, vumbi la kiangazi na matope ya masika.

Maji ya moto: kifuniko kidogo, hasara kubwa

Lubumbashi iko kwenye urefu wa mita 1.200 hivi juu ya bahari. Kwa urefu huo maji hayangojei digrii 100. Yanachemka karibu na digrii 96. Moteri nyingi nazo zinafanya kazi karibu na digrii 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana.

Kinachookoa moteri ni kifuniko cha radiateri. Springi yake inafungia presha ndani, na presha hiyo inafanya maji yapite digrii 110 bila kuchemka. Mpira wa kifuniko ukipasuka au springi ikilegea, presha inatoroka, maji yanachemka mapema na kumwagika, na sindano ya joto inapanda. Mwenye gari anaongeza maji kila asubuhi na kuona kwamba mambo yamekwisha. Baada ya muda kichwa cha moteri, yaani kulasi, kinapinda na jwenti yake inaungua. Kifuniko ni kati ya piesi za bei ndogo kabisa. Kutengeneza kulasi ni kati ya kazi za bei kubwa kabisa.

Kwa hiyo gari likipata moto, kazi ya kwanza ni kutazama kifuniko, mipira ya maji, feni na alama za maji yanayovuja, moteri ikiwa imepoa. Kufungua kifuniko moteri ikiwa ya moto ni hatari: maji hurukia uso na kuunguza vibaya. Inafaa pia kuweka maji ya radiateri yanayouzwa kwa kazi hiyo, kwa sababu maji ya kisima yanaleta kutu na chokaa ndani.

Uliza gari kabla ya kuuliza duka

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikikaza, magari mengi yanakataa kuwaka. Wengi wanakimbilia kununua batri mpya. Kifaa kidogo cha kupima umeme kinaweza kuzuia hasara hiyo. Moteri ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, batri iliyojaa inaonyesha volti 12,6 hivi. Ikiwa kwenye 12 imekwisha karibu yote. Moteri ikiwaka, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13,8 na 14,5. Kisipopanda, mgonjwa ni alternateri au waya zake, na batri mpya nayo itakufa vilevile. Mara nyingine ugonjwa ni unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya batri tu. Unasafishwa kwa maji na bikaboneti, baada ya kutoa waya wa hasi kwanza.

Mfano mwingine ni moteri inayotetemeka na kukosa nguvu. Katika magari kama Toyota IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002, kila silinda ina bobini yake juu ya buji. Bobini ya silinda inayokosa inahamishwa kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama pamoja nayo, bobini ndiyo mbaya, na inanunuliwa moja tu, si zote nne. Ugonjwa ukibaki palepale, inatazamwa buji, kisha injekteri. Jaribio hilo haligharimu hata franka moja.

Vifaa vidogo vinavyosoma kodi za gari kwa simu vinasaidia pia, ingawa magari kadhaa yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayapatani navyo. Na kodi yenyewe si hukumu: inaonyesha upande wa kutafuta, haitaji piesi ya kununua.

Kazi za parseli

Vidanji ni kazi ya kwanza ambayo mwenye gari anaweza kujifunza. Moteri ya IST yenye lita 1,5 inachukua lita 3,7 hivi za mafuta pamoja na filtri mpya. Kujaza kupita alama ya juu ya kijiti ni kosa, sawa na kuacha yapungue. Kiangazi, filtri ya hewa inahitaji kutazamwa mara nyingi kwa sababu ya vumbi jekundu. Ile ya karatasi inapigwapigwa polepole au kupulizwa hewa kutoka ndani kwenda nje. Haisafishwi kwa maji wala esansi. Ikiwa imeziba kabisa, inabadilishwa.

Mafuta machafu yaliyotolewa yasimwagwe kwenye mtaro au nyuma ya nyumba. Familia nyingi za mji huu zinakunywa maji ya visima, na mafuta yanashuka ardhini. Yawekwe katika bido lililofungwa na kupelekwa garaji inayoyapokea.

Mahali pa kusimama

Kuna kazi ambazo feza kidogo si sababu ya kuzijaribu bila mtu anayezijua. Ya kwanza ni freni. Mwenye gari anaweza kutoa gurudumu na kutazama: plakete ikibaki chini ya milimeta 3, wakati wa kubadilisha umefika. Maji ya freni yakishuka, ama plakete zimekwisha, ama kuna mahali panapovuja. Kuongeza tu ni kuficha hatari. Yanayowekwa ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko chake, DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya moteri, hata tone, yanavimbisha mipira ya freni, na pedali inaweza kuzama siku gari limejaa watu kwenye barabara ya Likasi.

Ya pili ni kuingia chini ya gari. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Gari linakaa juu ya miguu ya chuma, mahali pa sawa na pagumu, na magurudumu yaliyobaki chini yamezuiwa. Matofali hupasuka bila kutoa onyo. Hakuna piesi iliyo ghali kuliko kifua cha mtu.

Okazioni au mpya?

Si kila piesi ya okazioni ni mbaya. Mlango, taa, kioo, hata alternateri iliyopimwa inaweza kufanya kazi miaka. Lakini plakete, mipira ya freni, filtri na mikanda havinunuliwi vikiwa vimetumika. Piesi ya zamani ipelekwe dukani ilinganishwe na mpya kwa umbo, uzito na namba, kwa sababu mbili zinazofanana kwa boksi zinaweza kutofautiana ndani.

Jambo la mwisho linahitaji daftari tu: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa na bei yake. Mwenye gari anayefika kwa fundi akisema maji yanapungua tangu lini, batri ilipimwa volti ngapi na bobini gani ilihamishwa, hamwachii fundi kazi ya kubahatisha. Na kubahatisha ndiko kunakolipiwa bei kubwa zaidi.